Ubeti wa Viatu

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na huyo mzee wako mgonjwa naye anaendelea. Bado sijaelewa ni kazi gani ya uuguzi ambayo mtu ananyang'anywa simu mlangoni kama anaingia jela, ila wewe umekaa wodini miaka thelathini, utakuwa unajua unachofanya. Mimi sijaandika barua tangu enzi za kuposa, na unakumbuka ile posa iliishia wapi. Nivumilie. Mwandiko ni mzuri, hilo najua, kuchora mabango ndiyo kazi inayonilisha, uvumilie maneno.

Kigoda katoa albamu. Ndiyo, Kigoda yule yule ambaye ulikuwa unanifichia redio kwa ajili yake. Miaka saba ya ukimya, sisi tunasubiri kama kuku anayesubiri mfuniko wa sufuria udondoke, halafu inakuja: nyimbo kumi na mbili, na hata moja si yake. Zote za zamani. Zile ambazo mama zetu waliziimba wakifua, na za bendi ambazo wapigaji wake wameshazikwa wote hadi mbeba vyombo.

Chama cha Wasikilizaji tulikutana Jumamosi karakana kwa Mwenyekiti. Tumebaki tisa, usicheke. Utaratibu wetu ni ule ule: kwa kuwa Kigoda huimba peku, nasi tunavua viatu mlangoni, tunasikiliza mara mbili bila mtu kukohoa, ndipo tunasema. Na kwa kuwa Mwenyekiti ni fundi viatu, kila mara mtu mmoja anarudi nyumbani amevaa pea ya mteja.

Safari hii tulipomaliza, Mwenyekiti alisema, "Huyu kachoka. Kaamua kulala kwenye kitanda cha wenzake."

Mama Vitambaa akamjibu, "Wewe ngozi imekuingia masikioni. Mimi sijasikia sauti ile ikiwa imetulia hivyo tangu nina miaka ishirini."

Wakageuka wote kuniangalia mimi, Katibu. Nikasema nimependa kinanda. Unanijua.

Kusema kweli sijui nimependa nini. Wimbo wa nne kaimba ubeti wa pili mara mbili, na wa tatu kauacha. Kigoda, mtu aliyewahi kusimamisha onyesho kwa sababu mpiga ngoma kaingia nusu pumzi mapema. Limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mdogo wako,
Brashi

14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mzee naye ana siku nzuri na siku mbaya, kama hali ya hewa, ila yeye hana utabiri.

Nyumba ni kubwa na ina madirisha mengi, yote yana nondo. Milango inafungwa kwa sababu mzee hutoka akapotea. Ufunguo nauvaa shingoni kwa kamba, mchana na usiku, hata nikioga. Bintiye huja Jumapili na vyakula. Barua zako anazileta yeye. Alisema, "Barua ni sawa, nani siku hizi anaandika barua," akacheka. Huwezi kumlaumu. Tangu nianze hapa nimefika getini mara nne.

Sasa hilo la Kigoda wako. Mtu akiimba wimbo wa mama yake kakosa nini? Miaka arobaini kawapa nyimbo zake, mnakula, mnasaza, mnafungasha. Siku moja kaimba za wengine, mnamwambia kachoka. Nyie watu tisa mnaovua viatu, mkishavivua mkumbuke na kuvaa adabu. Na huo wimbo wa nne karudia ubeti wa pili kwa sababu ndio aliokuwa nao. Basi.

Kula vizuri. Shuka kwenye ngazi jua likiwa kali.

Dada yako

22 Machi

Dada,

Shikamoo tena. Barua yako nimeisoma mara mbili bila kukohoa.

Tangu lini wewe una maoni juu ya muziki? Wewe ndiye uliyesema sauti ya Kigoda ni ya mbuzi aliyesahauliwa mvuani. Leo unamtetea kama wakili. Halafu umeisikia wapi albamu, na uliniambia nyumba hiyo haina hata redio? Na "ndio aliokuwa nao" maana yake nini?

Usinijibu, najua utasema nina maswali ya polisi.

Huku mambo yamechacha. Mwenyekiti kaitisha kikao cha dharura. Wameazimia chama kimwandikie Kigoda barua ya wazi, itoke gazetini, ukurasa wa wasomaji. Kumtaka aache kuokotaokota, aandike nyimbo zake. Kura sita kwa mbili. Mmoja hakupiga, na unaweza kukisia ni nani. Halafu huyo huyo ambaye hakupiga kura kapewa kazi ya kuiandika, kwa sababu, nanukuu, "Brashi ana mkono." Mkono ninao, Dada. Uti wa mgongo ndio sina.

Nimenasa. Nikiandika kwa upole, chama kitasema nimesaliti. Nikiandika kwa ukali, nitalala vipi, mtu huyu ndiye aliyenilea baada ya baba. Wewe ulinilea pia, najua, lakini wewe ulikuwa unachapa.

Brashi

2 Aprili

Mdogo wangu,

Usiiandike hiyo barua.

Sababu sina ya kukupa. Nimeapa kwa watu. Mimi ni dada yako, hiyo iwe sababu. Waambie mkono umeteguka.

Dada

3 Aprili

Dada mpendwa,

Imetoka. Nakuambatishia kipande cha gazeti ujionee. Ilikuwa niandike mistari mitano tu ya heshima, lakini ukishaanza, maneno yanashikana mikono. Mwenyekiti kaibandika ukutani karakana, kaizungushia ukanda wa ngozi kama picha ya rais. Mama Vitambaa hanisalimii.

Sehemu wanayoipenda zaidi ni hii: "Mtu aliyetuvika maneno miaka arobaini, leo tunamkuta jalalani akiokota nguo kuukuu za majirani. Mzee wetu, kama kisima kimekauka, tuambie tulie pamoja. Usitupe maji ya kuazima."

Si nzuri? Nilipoimaliza nilisimama nikatembea chumbani. Baadaye nikaona aibu kidogo, lakini ilishafika kwa mhariri.

Brashi

19 Aprili

Mdogo wangu,

Barua zetu zilipishana njiani, kwa hiyo sitakutukana kwa ulichofanya kabla hujajua. Nitakutukana siku nyingine.

Mzee ninayemuuguza ni Kigoda.

Nimeshavunja kiapo, basi nikimalize. Ni ugonjwa wa kusahau. Una miaka mitatu. Nyimbo zake mwenyewe zimemtoka zote. Ukimpigia santuri zake za zamani anauliza ni kijana gani huyo, halafu anaogopa, anazunguka chumbani akijaribu milango. Tumeziondoa. Kilichobaki ni zile alizozisikia kabla hajajua kusoma. Hizo hazikai kichwani, zinakaa mdomoni. Anafungua kinywa zinatoka, nyingine nzima, nyingine nusu. Bintiye akaona heri zirekodiwe kabla nazo hazijaondoka. Hakutaka watu wajue. Anasema baba yake alikuwa na fahari, hataki aonewe huruma na watu wasiomjua. Nimemwelewa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Sasa sikiliza. Gazeti lilifika humu likiwa limefungia mkate. Kabla sijaliona, yeye kalisoma. Kusoma bado anaweza, maana ndiyo haikai. Akakata kile kipande kwa mkono, akakitia mfuko wa shati. Kila asubuhi anaingiza mkono mfukoni, anakikuta, anakisoma kwa mara ya kwanza. Kila asubuhi, Brashi. Uso unamwanguka. Ananiuliza, "Nesi, kisima gani hicho kilichokauka?" Namwambia ni habari za wilaya nyingine. Saa nne ameshasahau ameumizwa na nini, ila maumivu yanabaki, hali chakula.

Nilikiondoa. Akashinda kutwa anapekua mifuko, analia kwamba kuna kitu cha maana alikuwa nacho. Ikabidi nikirudishe.

Sikuandikii ili ujinyonge. Nakuandikia kwa sababu una lile daftari. Zile nyimbo ulizokuwa unaziandika gizani kwenye kumbi, mimi nikikufulia mashati yenye risasi za penseli. Bado unalo?

Usimwambie mtu. Si Mwenyekiti, si mtu.

Dada

27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku tatu. Juzi nilipanda ngazi kuandika bango la duka la dawa, nikaandika "DAWA" mara mbili. Mwenye duka kadhani ni mtindo.

Daftari ninalo. Mna nyimbo kumi na moja ambazo hakuzirekodi kamwe, alizoziimba mara moja au mbili kumbini kisha akaziacha. Nadhani duniani ziko humu tu. Sijawahi kumwonyesha mtu, hata chama. Kila mtu ana kitu chake cha kuficha chini ya godoro, mimi nina hicho.

Silitumi daftari lenyewe, mwandiko ule wa gizani ni wa mdudu. Nimezinakili zote kwenye karatasi za manila kwa brashi, herufi za bango, nene, nyeusi, mistari nimeipigia kwa kamba ya chaki isipinde. Mtu aliyekaa kwenye kigoda atazisoma akiwa ng'ambo ya chumba. Kazi hii nimeifanya peku. Usinicheke.

Mwambie... Usimwambie kitu.

Jumamosi Mwenyekiti aliniuliza mbona nimekonda. Nilitamani kumwambia. Nikasema jino. Sasa chama kizima kinanishauri juu ya jino, kila mtu na dawa yake, na imebidi nisukutue mbele yao maji ya chumvi kwa jino lisiloniuma.

Brashi

20 Mei

Mdogo wangu,

Karatasi zilifika. Nilizibandika ukutani moja moja.

Siku ya kwanza alizipita tu. Siku ya pili akasimama, akasoma ya kwanza kwa sauti, kama mtoto anavyosoma kibao cha barabarani. Halafu mguu ukaanza kugonga sakafu. Brashi, maneno kayasahau lakini mguu unayajua. Akavuta kigoda, akakaa, akaimba wimbo mzima kwa tuni yake, tuni ambayo hakuna aliyemwambia. Nilikuwa na sahani mkononi, nikaiweka chini kwa sababu mkono ulikuwa hauna kazi na sahani.

Bintiye alikuja Jumapili akakuta baba yake anaimba. Alikaa kwenye ngazi na vikapu vyake, nyanya zikabingirika mpaka jikoni. Sasa mafundi wa kurekodi wanakuja humu humu sebuleni. Nyimbo zote kumi na moja.

Kuna ubeti mmoja kaupenda kuliko vyote, kwenye wimbo wa kuaga. Huu:

Mlango nimeufunga, funguo ndani naweka,
Mwenyewe nimebakia, viatu vimeondoka,
Ukisikia hatua, usidhani nimetoka,
Ni ngozi tu yatembea, mimi humo nimekaa.

Mimi nami, na ufunguo wangu shingoni, niliusoma nikaondoka kwenda kupanga mashuka yaliyokwisha pangwa.

Nikamnakilia kwenye karatasi ndogo. Nikakitoa kile kipande chako cha gazeti mfukoni, nikaiweka hiyo mahali pake. Kila asubuhi anaingiza mkono, anausoma kwa mara ya kwanza, anatabasamu. "Nesi, nani kaandika haya?" Namwambia ni wewe mzee. Anasema, "Basi nilikuwa mtu." Halafu anakula uji wote.

Nimekusamehe. Sikutukani tena.

Dada

28 Mei

Dada yangu,

Kaa chini kwanza.

Ubeti ule ni wangu.

Ilikuwa ukumbi wa shule, mvua inapiga bati. Kigoda kaimba wimbo wa kuaga mara hiyo moja tu maishani. Nilikuwa naandika juu ya mfuniko wa boksi. Ubeti wa kwanza nikaupata, wa pili nikaupata, wa tatu penseli ikavunjika. Nikageuka kumwomba jirani kalamu; alipomaliza kujipapasa, Kigoda yuko kwenye kiitikio. Ubeti ukaenda na maji.

Nikarudi nyumbani na wimbo wenye pengo. Nikalala nalo wiki mbili, kama mtu aliyeng'oka jino, ulimi hautoki hapo. Mwishowe nikaliziba. Sikumwibia mtu, nilikuwa najisomea mwenyewe. Siku tatu niliutengeneza, nikiwa nimekaa nje ya karakana ya Mwenyekiti nikisubiri soli yangu. Ndiyo maana umejaa viatu. Miaka ikapita, mimi mwenyewe nikaanza kuusoma kama wake. Niliponakili manila sikusita hata kidogo. Nilikumbuka ulipouandika katika barua yako, nikauona nje ya daftari, kama mtu anavyokutana na suruali yake imevaliwa na mwingine sokoni.

Nyimbo kumi nyingine na beti zilizobaki za wimbo huo ni maneno yake matupu, naapa kwa mama. Huo ubeti tu.

Msomee ukurasa huu. Mwambie bintiye. Wasiurekodi. Mimi ndiye niliyemwandikia habari za maji ya kuazima, na sasa nimemnywesha ya kwangu.

Mdogo wako, mjinga

9 Juni

Mdogo wangu,

Sikumsomea.

Umesharekodiwa tangu tarehe tatu. Na hata usingerekodiwa, nisingemsomea. Ningeuweka wapi ukurasa wako? Mfukoni mwake, ili kila asubuhi ajue upya kwamba hakuwa mtu?

Bintiye nikimwambia atataka kuufuta, na kuufuta itabidi aeleze, na akieleza yote yatatoka.

Nimeukunja nikauweka kwenye soksi yangu. Umo humu ndani na sisi. Kaa kimya kama tunavyokaa.

Dada

16 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimekaa kimya miezi miwili kama ulivyoamuru. Sasa nisikilize mara moja tu.

Albamu imetoka. Tulikutana, tukavua viatu. Kuanzia wimbo wa kwanza niliangalia misumari ya Mwenyekiti iliyo kwenye kopo, nikaihesabu. Ulipoanza wimbo wa kuaga nilifumba macho. Dada, unajua alivyouimba. Ninyi mlikuwepo. Mwisho wa mstari wa pili anasimama kidogo, mahali ambapo mimi sikuweka kituo, na pale pale ubeti unakuwa mzuri kuliko nilivyouandika.

Mama Vitambaa alijifuta kwa sampuli ya kitambaa cha pazia. Mwenyekiti akanyanyuka, peku, nyundo mkononi, akasema, "Huyo. Huyo ndiye mtu wetu. Nani mwingine angewaza viatu vinatoka na mwenyewe amebaki? Nimeshona viatu miaka thelathini na mbili, ndio kwanza leo naambiwa kazi yangu ni nini." Halafu akaenda kwenye ile barua ya gazeti, akaibandua ukutani, akaila. Nusu ya kwanza. Iliyobaki ilikuwa na gundi.

Akasema, "Barua yetu ndiyo iliyomwamsha. Brashi, wewe ndiye uliyemrudisha." Wakanipigia makofi. Nilishika shavu, wakakumbuka jino, wakanihurumia.

Sasa balaa. Wameazimia, kura tisa kwa sifuri, ubeti ule uandikwe ukuta wa nje wa karakana, unaotazama barabara, herufi kubwa, na jina la Kigoda chini yake. Mchora mabango wanaye. Sikuwa na pa kutokea. Ningesema nini? Nikisema si wake, wataniuliza najuaje, na kwa nini mwenyewe asiutambue wimbo wake. Jibu la swali hilo liko chini ya ulimi wangu na haliruhusiwi kutoka.

Nimeshaandika mistari minne. Siku nne juu ya ngazi. Watu wanasimama chini wanasoma kwa sauti, wanapumua, wanaendelea na njia. Mama mmoja na mzigo wake kausoma mara tatu akaniuliza, "Fundi, unaelewa unachoandika?" Nikamwambia sisi tunapaka rangi tu, mama.

Nafasi ya jina nimeiacha wazi. Kwa Mwenyekiti nimesema rangi nyekundu imekwisha mjini. Wanataka kuuzindua Jumapili ya tarehe mosi. Dada, niandike jina gani? Nikiandika lake nimesema uongo wa mita mbili na nusu kwa urefu. Nikiandika langu nimemvua nguo hadharani. Nikiacha wazi, Mwenyekiti atanunua rangi nyekundu mwenyewe, naye hajui kuandika "K" bila kuigeuza.

Nijibu upesi.

Brashi

25 Agosti

Mdogo wangu,

Jana asubuhi alitoa karatasi mfukoni kama kawaida, akausoma ubeti. Nikasubiri aulize nani kaandika. Hakuuliza. Akaniita, "Nesi, njoo." Akanyoosha miguu yake juu ya mkeka. Wewe unaijua miguu ya Kigoda kwa mbali tu, jukwaani, mimi naiosha. Vidole vimeachana kama watu waliogombana. Akasema, "Hii miguu umeiosha tangu uje. Umeona alama ya kiatu hata moja?"

Nikasema hapana.

"Mtu mwenye miguu hii anaandika habari za viatu? Huu kaandika mtu aliyebanwa."

Brashi, watu tisa. Mnavua viatu mlangoni kwa heshima ya mtu asiyevaa viatu, mnasikiliza mara mbili bila kukohoa, mnausifu ubeti wa viatu, hakuna hata mmoja aliyewaza. Na wewe ni wa tisa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kisha nikaketi chini nikamwambia ukweli. Sikuwa na haki ya kumdanganya mtu aliyeuona mwenyewe. Nikatoa ukurasa wako kwenye soksi, nikamsomea wote, na barua yako ya juzi pia, ya ukuta na rangi nyekundu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nikajua nina saa moja, labda mbili, kabla hayajamtoka. Nikampa kalamu haraka. Kaandika mwenyewe, nakuwekea hapa. Herufi kaiga za kwako za manila.

Leo asubuhi kautoa tena ubeti mfukoni. "Nesi, nani kaandika haya?" Nikamwambia ni wewe mzee. Akala uji.

Dada

*

Ndugu mwenye viatu,

Nesi kanieleza. Ukuta andika jina langu. Najua si haki. Ila ukiandika la kwako watakuuliza langu limekwenda wapi, na hilo mimi sina jibu.

Nyimbo za mama yangu nazo zilikuwa na mapengo. Nilipokuwa kijana niliyaziba. Nisingekwambia hivi kama ningejua nitakumbuka kesho.

Viatu nimevivaa. Vinabana mbele. Vinatembea.

Kigoda

1 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimeandika jina. Nyekundu, kivuli cheusi, "K" imeangalia inakotakiwa. Sisi wachora mabango hatuweki sahihi zetu, kwa hiyo hakuna aliyegundua kitu kimepungua.

Kigoda akiuliza, mwambie ukuta umekauka. Najua hatakumbuka, mwambie tu. Na wewe, ukipata nafasi, fika getini mara ya tano.

Watu walipotawanyika, Mwenyekiti alibaki amesimama mbele ya ukuta, mikono nyuma. Kisha akasema, "Brashi, huyu mtu najua huimba peku. Lakini nakwambia mimi fundi, huyu kuna siku aliwahi kuvaa viatu."

Nikamwambia, "Mara moja. Vilimbana."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudi ndani, nikasikia nyundo.

Mdogo wako,
Brashi